Jicho la Mpiga Ramli, Sikio la Mwizi

Filamu za uhalifu zinazomleta mtu wa kuona ya ghaibu zina mwendo wao unaojulikana. Maiti zimefika tatu au nne, polisi hawana pa kushika, na mkuu wao, kwa haya kidogo, anakwenda kubisha mlango wa mtu anayesemekana huona. Mtu huyo anagusa mkono wa marehemu, mwili unamsisimka, na papo hapo anauona uso wa muuaji. Ndivyo ilivyo katika The Dead Zone ya mwaka 1983. Miaka mitano kabla yake, mpiga picha wa Eyes of Laura Mars aliyaona mauaji kwa macho ya muuaji mwenyewe, na katika Minority Report ya 2002 wamo watatu waliolazwa majini, wanaoyaona mauaji hata kabla hayajatendeka. Mtu wa Bondeni akizitazama filamu hizi ana haki ya kutabasamu. Kwao, katika mitaa hii ya kisiwa cha Mombasa inayopakana na Mji wa Kale, mwizi ametafutwa kwa ramli, kwa kiapo na kwa kisomo tangu sinema haijazaliwa. Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba Hollywood imezindukana juzi na jambo ambalo pwani inalijua tangu enzi. Mimi naona sivyo. Ukizifuata desturi hizi tangu karne ya 19, utakuta zinafanana na filamu kwa sura tu, na kwa kazi zinaachana kabisa. Filamu inamtegemea mwenye kuona. Pwani ilimtegemea mwizi: shughuli yote ilipangwa ili yeye aamini kwamba ameonekana, hata kama hakuna aliyemwona.

Viapo ndivyo vinavyolidhihirisha jambo hili mapema kuliko vingine. Johann Ludwig Krapf alishuka Mombasa mwaka 1844 na baada ya miaka miwili akahamia Rabai. Charles New wa Wamethodisti alikaa Ribe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1873. Wamisionari hawa waliwakuta Wamijikenda, waliokuwa wakiitwa Wanyika na kufanya biashara na mji kila siku, wakikata kesi ngumu kwa viapo. Kilichowashangaza zaidi ni kile cha shoka. Chuma kilitiwa motoni hadi kikawa chekundu, kikapitishwa juu ya kiganja cha mtuhumiwa, na aliyeungua ndiye mkosa. Kulikuwa pia na kiapo cha papai, ambapo mshukiwa alilishwa tunda lililofanyiwa dawa na watu wakasubiri kuona kama midomo itavimba. Miongoni mwa Waswahili wenyewe, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika juu ya viapo na waganga katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903.

Kiapo cha mkate ndicho cha kutazamwa kwa karibu. Kipande kikavu kilichosomewa hupewa kila mshukiwa, akakitafuna na kukimeza mbele ya wazee bila tone la maji. Asiye na hatia hukimeza. Mwenye hatia kinampalia kooni, anakohoa, anakizungusha mdomoni, na macho yote yako juu yake. Hakuna haja ya kupiga mbizi ndefu ili kujua kilichotendeka hapo, maana hofu hukausha mate, na mdomo mkavu haumezi mkate mkavu. Waingereza wa kale, kabla Wanormani hawajawavamia mwaka 1066, walikuwa na kiapo hicho hicho cha tonge la mkate. Hawakujifunza kwetu wala sisi kwao. Watu wawili walio mbalimbali wameona jambo moja: siri ya mwizi imo mwilini mwake, na mwili unaweza kushurutishwa useme. Hapa hapana mtu wa kuona ya ghaibu hata mmoja. Mganga alikuja na dawa, wazee wakaja na macho yao, na mwizi mwenyewe akaja na kile kitakachomfichua.

Ramli inaonekana kuwa kinyume cha haya, kwa sababu hapo yupo mtu anayedai kujua. Elimu hii ilifika pwani pamoja na vitabu vya Kiarabu, na utaratibu wake si mchezo wa kubahatisha kama wanavyofikiri wasioujua. Mpiga ramli hutia nukta mchangani au kwenye karatasi, mistari kumi na sita, bila kuzihesabu anapozitia. Kisha huzifuta mbili mbili hadi kila mstari ubakie na moja au mbili. Kutokana na hayo hupatikana maumbo manne ya mwanzo, hayo huzaa mengine manne, nayo yakazaa mengine, hadi linapopatikana umbo moja la kukata shauri. Ibn Khaldun aliieleza hesabu hii mwaka 1377 katika Muqaddima yake, kisha akaikataa: aliona ni ufundi uliotungwa, usio na ushahidi wa kuuthibitisha. Lakini tuache ukweli wa nukta, tutazame jibu. Jibu la ramli kuhusu mali iliyoibwa kwa kawaida halina jina. Ni mtu wa karibu, si mrefu sana, ameingia nyumbani mchana, mali haijavuka maji. Katika filamu jibu kama hilo ni upungufu, na mpelelezi angelitupa. Katika mtaa ambao nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta na maneno hupita kibarazani upesi kuliko barua, jibu hilo lilitosha. Mwenye mali alirudi nyumbani akasimulia. Jirani akasikia, na jirani wa jirani. Baada ya siku mbili mtu wa karibu, asiye mrefu sana, aliyeingia mchana, alikuwa hapati usingizi.

Halbadiri ndiyo iliyoufikisha utaratibu huu kileleni, na ndiyo inayoishi hadi leo kutoka Lamu hadi Zanzibar. Majina ya masahaba waliopigana vita vya Badr, ambao hesabu yao mashuhuri ni 313, husomwa na kundi la watu, udi ukifuka, kisha huombwa dua juu ya aliyedhulumu. Anayesomewa, kwa imani ya wengi, hupata balaa: tumbo kuvimba, wazimu, hata kifo. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba kisomo chenyewe mara nyingi hakifiki. Kinachofika ni tangazo. Mwenye mali, au mwalimu wake, huwapa watu habari mapema kwamba kitu fulani kimepotea, na kama hakikurudi kufikia siku fulani, Halbadiri itasomwa. Kwa mpelelezi wa kawaida huu ni upumbavu, maana amempa mwizi muda wa kukimbia. Kwa mtaa ni hekima, kwa sababu muda ule ni mlango ulioachwa wazi. Usiku mmoja bangili zinakutwa kizingitini, au bahasha inakutwa msikitini, na hakuna aliyemwona aliyezileta. Wala hakuna anayeuliza. Mali imerudi, mwizi amesitirika, na mama yake anaendelea kualikwa harusini. Wenye kukaa pamoja kizazi baada ya kizazi wana sababu nzuri ya kutotaka kujua kila kitu.

Msomaji mkali ataleta pingamizi hapa: je, hakuna habari za waganga waliomtaja mwizi kwa jina na wakapatia? Zipo, na iliyo mashuhuri kuliko zote katika nchi za Kiislamu iliandikwa na Edward Lane katika kitabu chake juu ya desturi za Wamisri, kilichotoka mwaka 1836. Henry Salt, balozi mdogo wa Uingereza, aliibiwa nyumbani kwake Cairo, akawashuku watumishi. Akaitwa mchawi wa Kimaghribi, ambaye alimimina wino kiganjani mwa mtoto na kumwambia atazame ndani yake. Mtoto akaona mtu, akaeleza kimo chake, sura yake na nguo zake, akasema anamjua, akatoka mbio hadi bustanini na kumshika mmoja wa vibarua. Kibarua akakiri. Hii ni filamu kamili, na haikosi hata tukio la kukimbizana. Lakini iangalie tena. Watumishi wote walijua mchawi ameitwa. Aliyekamatwa alishikwa ghafla na mtoto aliyeamini alichokiona, mbele ya watu walioamini hivyo hivyo. Kilichomtia hatiani kilikuwa ulimi wake mwenyewe. Je, kama mtoto angemshika mwingine, asiye na hatia na mwenye moyo mwepisi? Lane hatuambii ni wangapi walioshikwa namna hiyo, kwa sababu hadithi za kukosea hazisimuliwi mezani kwa balozi.

Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuliona tundu hilo. Kanuni ya sharia, inayofahamika na kila aliyesoma fiqhi kidogo, ni kwamba mdai alete ushahidi, na mwenye kukana aape. Hakuna nafasi ya wino, mchanga wala ndoto. Hadithi ya Mtume kuhusu anayemwendea mtabiri, kwamba sala zake hazikubaliwi siku arubaini, ilijulikana Mombasa kama ilivyojulikana kwingine. Basi tunapata jambo la ajabu kidogo: mji wenye wapiga ramli kila upande, na kadhi ambaye hawezi kuipokea ramli hata chembe. Wengine husema huu ni unafiki wa watu wa pwani. Naona ni mgawanyo wa kazi. Kwa kadhi unakwenda ukitaka haki yenye jina na hukumu. Kwa mwalimu wa ramli unakwenda ukitaka mali yako irudi na ujirani usivunjike. Aliyezichanganya njia hizo mbili, akalibeba neno la ramli hadi barazani kwa kadhi, alirudi mikono mitupu.

Waingereza walipochukua utawala wa pwani mwaka 1895, Fort Jesus ikageuzwa gereza na ikabaki hivyo hadi 1958. Pamoja na gereza zikaja sheria. Himaya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1909, na ile ya 1925 ndiyo ambayo bado imo katika vitabu vya Kenya kama Sura ya 67. Miongoni mwa makosa inayoyataja ni kujaribu kugundua uhalifu kwa njia ya uchawi. Watu wengi huisoma kama dharau ya mkoloni kwa mila za Mwafrika, na dharau haikukosekana. Lakini Waingereza walikuwa wameshajikataza wao kwa wao karibu miaka mia mbili kabla. Sheria yao ya mwaka 1735 ilimwadhibu kwa kifungo cha mwaka mmoja yeyote aliyejidai kujua, kwa elimu ya siri, mahali vilipo vitu vilivyoibwa. Ilikuwa hai hata wakati wa vita vya pili vya dunia: Helen Duncan, mwanamke aliyejulikana kwa kuita roho za wafu, alifungwa kwayo mwaka 1944, na ilifutwa mwaka 1951 tu. Yaani walioitungia Mombasa sheria walitoka kwenye nchi iliyojaa watu wa kuongea na wafu, wateja wao wakiwa mabwana wenye vyeo.

Hapo ndipo historia inapofanya mzaha wake mzuri. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Sherlock Holmes, mpelelezi asiyeamini ila jivu la sigara na matope ya kiatu, aliizuru Kenya mwaka 1929 baada ya Afrika Kusini na Rhodesia, akihubiri kwamba wafu husema na walio hai. Safari yenyewe aliiandika katika Our African Winter. Miaka michache kabla yake, Desemba 1926, mwandishi mwenzake Agatha Christie alipotoweka, Doyle alichukua glavu ya mwanamke huyo akampelekea mtu aliyesemekana huisoma historia ya kitu kwa kukigusa. Mtu huyo akasema mwenye glavu yuko hai. Christie alipatikana Harrogate hotelini. Doyle alifurahi, ingawa magazeti ndiyo yaliyokuwa yamesambaza picha za Christie na watu wa hoteli ndio waliomtambua. Mtu akitaka kujua alikozaliwa yule mwanamke wa filamu anayegusa shati la marehemu, amtafute katika London ya enzi hizo, si Rabai wala Bondeni.

Kwa nini London? Nadhani jibu ni ukubwa wa mji. Mwaka 1888 muuaji wa Whitechapel aliwaua wanawake na hajulikani hadi leo. Mwaka 1895 gazeti moja la Chicago likasimulia kwamba Robert James Lees, mwenye kipawa cha kuona, aliwaongoza polisi hadi nyumbani kwa daktari muuaji. Hadithi hiyo haina uthibitisho, lakini ilifika mbali: katika Murder by Decree ya 1979 Lees anakutana na Holmes mwenyewe. Mji wa mamilioni ya watu wasiojuana hauna baraza la kutangazia Halbadiri. Muuaji hasikii, na akisikia hajali. Kwa hiyo mtu wa kuona anapewa kazi ambayo mtaa hauwezi tena kuifanya: lazima aone kwelikweli, kwa mbali, na alete uso na anwani. Mombasa nayo ilianza kuonja hali hiyo. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikakua, na kisiwa kikajaa watu wa bara, wa India na wa Yemen. Mwizi alianza kuwa mgeni anayepanda gari moshi asubuhi. Serikali ikamfuata kwa alama za vidole, elimu iliyopikwa Bengal na kuwekewa ofisi Calcutta mwaka 1897. Baada ya vita vya kwanza alama hizo zikatiwa ndani ya kipande, cheti cha utambulisho alichotakiwa kila mwanamume Mwafrika wa bara kukivaa. Wino ule ule wa kiganjani, ila sasa anayetazama ni karani.

Ndani ya mji wenyewe mabadiliko hayakutoka kwa wakoloni peke yao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi kufa kwake 1947, aliwataka Waislamu wa Mombasa waache bida na wasome elimu ya kisasa. Baada yake likaja kundi la masheikh waliouliza wazi wazi Halbadiri imetoka wapi. Mabishano hayo hayajaisha. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 fasihi nayo ikatia neno lake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana MSA wake, mwenye kiko mdomoni kama Holmes, anafumbua mauaji yaliyofungamana na mzimu ambao wenyeji wanauogopa. Haangalii ndani ya wino. Anawatazama watu. Kuna wanaosema riwaya hiyo iliufukuza mzimu katika hadithi za Kiswahili za upelelezi. Sikubaliani nao sana. Mzimu haukufukuzwa, ulifanywa shuhuda: muuaji alitegemea kwamba watu watauogopa, na mpelelezi akamjua kwa kule kutegemea kwake.

Lakini watu wa Mombasa wa miaka hiyo walikuwa pia wakienda sinema, Regal, Majestic au Naaz, kutazama filamu za Kihindi, na humo ndimo ninamoona ushahidi wangu mzuri kuliko wote. Chukua Madhumati ya Bimal Roy, ya mwaka 1958. Msichana amekufa, na tajiri Ugra Narayan ndiye chanzo cha kifo chake, lakini hakuna ushahidi. Anand, mpenzi wa marehemu, anakutana na mwanamke anayefanana na msichana huyo, anampanga amtokee tajiri usiku kama mzuka, na polisi wanasubiri nje wasikie. Tajiri anatetemeka, anakiri. Kisha inabainika kwamba yule mwanamke alichelewa, na aliyetokea alikuwa mzuka wa kweli. Watu husifu mwisho huo kwa kuwatia baridi mwilini. Mimi nausifu kwa jambo jingine: mzuka wa uongo au wa kweli, kazi ingekuwa ile ile. Katika Karz ya 1980, kijana aliyezaliwa upya anamwandama Kamini, mke aliyemuua, kwa nyimbo na maigizo jukwaani hadi anavunjika. Shakespeare alikwisha kulijua jambo hili: Hamlet anaambiwa na mzuka jina la muuaji, lakini hatosheki nalo, anaandaa mchezo ili amtazame mfalme usoni. Na video za Nigeria zilipoanza kuenea, iliyotangulia kwa sifa, Living in Bondage ya 1992, ilikuwa juu ya mume aliyemtoa mkewe kafara na kuandamwa na mzuka wake mpaka akili zikamruka. Hizi zote ni kiapo cha mkate kwa sura nyingine. Si ajabu kwamba mtazamaji wa pwani hakuhitaji kufafanuliwa chochote.

Itasemwa kwamba nimeipamba desturi, nikaficha damu yake. Pingamizi hili ni zito na lazima lijibiwe. Katika Kaunti ya Kilifi, mwendo mfupi kutoka kisiwani, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kukiwa na shamba linalogombewa nyuma ya tuhuma hizo, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio cha waliookoka. Mwaka 1966 mganga aliyejulikana kwa jina la Kajiwe alizunguka katika vijiji vya pwani akiwasaka wachawi, na wengi walimshangilia. Je, hao hawakuonwa na waganga? Walionwa, na hasa walitajwa. Hapo ndipo mpaka ulipo. Desturi iliyokuwa ikifanya kazi bila jina, ikimwachia mwenye hatia mlango wa kurudi, inageuka kisu mara tu mganga anapokubali kutaja. Mzee aliyetajwa hana cha kurudisha, maana alichotuhumiwa si bangili. Filamu ya mwenye kipawa, yenye uso na jina katika dakika ya tisini, inafanana na hii ya pili kuliko ile ya kwanza, ila mwandishi wa filamu ameshahakikisha kwamba aliyetajwa ndiye. Kurosawa alikuwa mwaminifu zaidi. Katika Rashomon ya mwaka 1950 mwanamke mwenye kuita wafu anatoa ushahidi kwa sauti ya aliyeuawa, na ushahidi wa marehemu unapingana na wa walio hai. Hata katika Minority Report, ukiifikiria vizuri, imani inayumba pale inapobainika kwamba waonaji watatu hawaoni jambo moja kila mara.

Pingamizi la pili ni jembamba zaidi: kwamba nimewageuza watu wa Bondeni kuwa wanasaikolojia, ilhali anayesoma Halbadiri anaamini kwamba Mungu atamfikia mwizi, hafanyi hila. Ni kweli, na sisemi kwamba ni hila. Imani ya msomaji na hofu ya mwizi ni kitu kimoja kilichokaa katika vifua viwili, na bila ya kwanza ya pili haipo. Mtu asiyeamini akitangaza kisomo atacheka mwenyewe, na mtaa utamsikia akicheka. Tazama habari zinazojirudia katika magazeti na simu za Wakenya siku hizi, za mwizi anayeandamwa na nyuki mpaka anarudisha gari au televisheni, huku umati ukipiga picha na mganga akilipwa ada yake. Kuna anayesema nyuki wale wametumwa, na anayesema mganga na mwizi wamepatana. Nashuku kwamba hao wa pili wana haki mara nyingi. Hata hivyo picha zile husambaa, na kila anayeziona akiwa na mali ya mtu chumbani amepata tangazo lake. Baraza limehamia kwenye simu, na mgeni wa gari moshi sasa anasikia tena.

Linabaki swali la kifundi ambalo watengenezaji filamu wa pwani hawajalitatua. Sheria ya Ushahidi ya Kenya haikubali ungamo la mhalifu isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyeipeleleza kesi hiyo, na lililotolewa kwa vitisho halina thamani. Ugra Narayan, na polisi wake waliojibanza nje, angetoka huru katika mahakama za Mombasa. Filamu ya Halbadiri basi haiwezi kumalizikia kortini. Ikifuata desturi kwa uaminifu, itamalizikia kizingitini, bangili zipo na aliyezileta hayupo, na hatutamjua hadi taa zinawashwa. Mtayarishaji yeyote, na sitamlaumu, atamuuliza mwandishi wake mtazamaji atalipa kiingilio amwone nani.